Kalke na Maji

Wamenipa retraite, wamenistaafisha, nikiwa bado na maziwa kifuani. Msicheke. Mtoto wangu hajaachishwa ziwa, kichwani sina mvi hata moja, na Direkta alisimama mbele ya meza yenye chupa za limonadi akasema chuo kikuu kinamshukuru sana "mama yetu mzee wa rezerve". Mzee! Alipokuja kunipa mkono nilikuwa nahamisha mtoto toka bega hili hadi lile, na yeye akashika mguu wa mtoto. Hiyo ndiyo sherehe niliyofanyiwa.

Nawaandikia nyinyi vijana wawili mliobaki na funguo za rezerve, ghala hili la maktaba, kwa sababu hakuna aliyenipa nafasi ya kuwaonyesha kazi. Vyeo sitavisema, sikuwa navyo. Mshahara wangu ulikuwa kama shemeji anayekaa mbali: kila mwezi unasikia yuko njiani, na mwezi unaisha hujamuona. Tuuache. Nitasema kazi.

Siku ya kwanza niliingia na diplome yangu ya sekondari, viatu vya kanisa miguuni, nikidhani maktaba ni vitabu. Papa Kabeya, mkubwa wa rezerve, akafungua ule mlango wa chuma mnaoujua, na mle ndani sikuona kitabu. Niliona makabati ya tiroir, droo pana, bapa, moja juu ya nyingine mpaka juu. Ramani. Mipango ya migodi. Picha za kioo. Vitabu vidogo vya nyimbo vya misioni, kwa Kiluba na Kibemba, vilivyoshonwa kwa uzi. Magazeti ya kartie, mitaa ya wachimba shaba. Nikamuuliza vitabu viko wapi.

"Vitabu biko fasi yote, mwana," akasema. "Ukipoteza kimoja, unaandikia bazungu, banakutumia kingine. Bintu bya humu biko humu tu. Kikipotea hapa, kimepotea ku dunia muzima. Leta mikono."

Nikanyoosha mikono. Akainusa, akasikia mafuta ya andazi.

"Ulikula beignet."

"Hapana, papa."

"Vidole byako binasema ndiyo. Kwenda nawa. Halafu ukae inje mpaka bikauke, usipanguse na kikwembe."

Nilikaa nje, vidole hewani, kama mtu anayemwombea mgonjwa. Ndivyo nilivyoanza kazi.

Vifaa vyetu ni hivi, na bado vipo mkivitafuta nyuma ya kabati la tatu. Penseli laini, kalamu ya wino haiingii mle hata mfukoni. Brashi ya kunyolea ndevu, ya kupangusa vumbi. Vifuko vidogo vya mchanga, mke wa Papa Kabeya alivishona, vya kukalisha ramani inayojikunja. Na mkate. Ndiyo, mkate mweupe, ile nyama yake ya ndani: unaifinyanga, unaipitisha polepole juu ya karatasi, inanyonya uchafu wote. Baadaye, mkate ulipokuwa kitu cha kuota tu, kuna siku nilisafisha ziwa zima la Mweru, toka Pweto mpaka kusini, na tumbo langu linalia kama mlango mbovu. Yale makombo meusi niliyatazama mara mbili kabla ya kuyatupa.

Halafu kalke, zile za kuchorea ramani. Hapa msikilize vizuri, kwa sababu ndiyo sababu ya mimi kukaa nyumbani leo.

Kalke za zamani si karatasi, ni kitambaa. Pamba nyembamba kabisa, imepakwa wanga mpaka ikawa ngumu na yenye kung'aa, unaona mwanga ukipita ndani yake. Wachoraji wa kampuni ya migodi walichora juu yake kwa wino mweusi: mashimo, reli, mito, na vijiji vilivyokuwa juu ya ardhi kabla kampuni haijavisogeza. Nakala ni hiyo moja. Papa Kabeya alichukua kipande kilichokatika, kisicho na kitu cha maana, akadondoshea tone la maji. Wino ukakimbia. Alipokisugua kwa kidole, kikalegea, kikawa laini kama leso.

"Kalke na mayi, hapana," akasema. "Hata jasho. Ukitaka kulia, lilia kule ku mulango."

Mimi nikacheka. Nikamwambia, papa, kwetu hiyo tunaijua. Katika kambi ya wachimba mgodi, kwa nyanya yangu, mama wote waliijua. Biro, ofisi ya wachoraji, ikitupa mipango iliyozeeka, mabibi waligawana, wakaichemsha na sabuni mpaka wanga na wino vikatoka, wakabaki na kitambaa kizuri kuliko cha dukani. Watoto wa kambi nzima walivishwa hicho siku walipozaliwa. Nami nilibatizwa nacho.

Papa Kabeya akavua miwani.

"Mwana," akasema, "ulibatizwa mu shimo ya mugodi."

Kwa wiki nzima alikuwa akinitazama na kutikisa kichwa, lakini siri yenyewe hakuisahau: toka siku ile aliweka kufuli ndogo kwenye tiroir ya kalke.

Waliokuja kusoma hawakuwa maprofesa wengi. Profesa anatuma mwanafunzi, mwanafunzi analala juu ya meza. Waliokuja kweli walikuwa watu wa vijiji vilivyo karibu na migodi, wenye udongo wao miguuni. Walisema: tuonyesheni fasi tulikuwa. Papa Kabeya alijua kuwasomesha ramani bila kuwasomesha. Aliwauliza mto unapita mkono gani ukienda shambani asubuhi, kisha akageuza kalke mpaka mto ukakaa mkono ule. Hapo mtu alianza mwenyewe kusema: kumbe hapa ni kwa Fulani. Mkiwa na haraka ya kuweka kaskazini juu, mtabaki peke yenu na kaskazini yenu.

Kisha nchi ikavunjika. Mnaijua, mlikuwa bado shuleni lakini mnaijua. Kampuni ikaacha kulipa, askari wakapora mji. Huku chuoni walibeba mashine za kuandikia, mapazia, hata mlango wa choo. Ramani waliziacha. Hakuna askari anayeiba ramani ya mji ambao tayari ameuvunja.

Baada ya hapo yakaja yale ya kufukuza watu wenye asili ya Kasai. Papa Kabeya, ingawa wazee wake walitoka Kasai, alizaliwa hapa hapa mtaani Katuba. Majirani aliowafundisha watoto wao kusoma wakampigia paa mawe. Nilimfuata ku gare, kwenye watu waliolala pembeni ya reli chini ya mashuka, wakingoja treni. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku, amenyoa, amevaa kravati. Kravati, katikati ya moshi na watoto wenye kuhara.

"Papa, kuya kwetu. Tutakuficha."

"Utanificha wapi, mwana? Mu tiroir?"

Tukacheka. Mke wake hakucheka, alikuwa anatazama reli.

"Makarte ya mu tiroir ugeuze mbele ya mvua," akasema. "Ufungue madirisha asubui, ufunge mbele ya jua kali. Panya, uweke majivu."

"Na mimi nani atanifundisha?"

"Nilishakufundisha. Sasa inabakia kukaa. Njo kazi ya nguvu, ile: kukaa."

Akanipa funguo, pamoja na ile ndogo ya kalke. Treni ilikuja siku nyingine ambayo sikuwepo. Wengine waliniambia alifia njiani, wengine kwamba anafundisha shule huko Kasai. Mimi sijui. Hata leo sijui, na yeyote atakayeniambia kwamba yale yalikuwa siasa tu, asinisogelee.

Nikabaki peke yangu. Mume wangu alivuka mpaka pale Kipushi kutafuta kazi Zambia, na sauti yake ikaishia huko. Nilikuwa na mimba. Nilitembea toka Katuba kwa miguu, nikafungua mlango wa chuma, nikakaa. Umeme hakuna. Niliburuza meza kufuata jua, dirisha kwa dirisha, na jua likiisha nilifunga. Hakuna msomaji, hakuna Direkta. Upweke wa nyumbani una kelele: jirani anapigana, mbuzi analia. Ule wa rezerve ulikuwa mwingine. Unaona kitu kizuri, mchoraji fulani ameweka kisamaki kidogo pembeni ya mto kwa kujifurahisha, unainua kichwa kusema "angalia!", na hakuna wa kuangalia. Nikaanza kusoma majina ya mito kwa sauti kubwa ili mdomo usisahau kazi yake.

Kufuli ya kalke ilishika kutu, ikavunjika. Niliomba nyingine. Bado naingoja.

Mtu mmoja tu ndiye alikuwa akipita: Mama Sidonie, msafishaji, mjane wa mchoraji wa kampuni. Alifagia korido ambazo hakuna aliyezichafua. Nilipojifungua Dorka, kutoka chuo kizima ni yeye tu aliyekuja kuniona. Alileta vitambaa vya mtoto, vyeupe, vimeshonwa pindo kwa mkono, laini mpaka nikaona aibu kuvigusa na vidole vyangu.

"Kamata, Mama Dorka. Mutoto wa chuo hawezi kuvaa matambara."

Nililia. Miezi mingi hakuna mtu aliyenipa kitu.

Nilirudi kazini na mtoto mgongoni. Asubuhi moja akaja Mama Musonda, bibi wa Katwebe, kijiji cha upande wa Kipushi. Alitembea, akapanda lori la mkaa, akatembea tena. Kuna bwana mmoja alitaka kujenga depo ya matofali pale kwao. Aliiambia biro ya ardhi kwamba fasi ile ilikuwa pori tupu tangu zamani, kwamba wale ni wavamizi wa juzi. Biro iliwapa siku ya kujibu.

"Bwana yangu amezikwa pale," Mama Musonda akaniambia. "Mama yake naye. Baliniambia wazungu wa kampuni balipimaka mugini yetu, kijiji muzima, zamani, na karatasi iko ku université. Unionyeshe, mwana. Banipe na mi nibaonyeshe."

Nilijua kalke ile. Papa Kabeya alikuwa akiipenda. Nikafungua tiroir ya chini, nikainua kalke, nikakuta mbao. Zilizokuwa juu zipo, zile za chini kabisa, zilizokuwa chafu na nyeusi, hazipo. Nilifungua tiroir zote, nikaangalia nyuma ya makabati, nikapiga magoti. Mtoto naye akaanza kulia, amejichafua. Nikamlaza juu ya meza ya dirishani nimbadilishe, nikatoa kitambaa safi, nikakikunjua mbele ya jua.

Ndani ya kitambaa kulikuwa na mto.

Ulikuwa hafifu, rangi ya chai iliyomwagwa, lakini ni mto, unapinda mara mbili. Pembeni yake miraba midogo ya nyumba. Na karibu na pindo, herufi chache za katikati ya jina Katwebe. Mama Musonda alisimama nyuma yangu. Hakusoma shule, lakini ule mpindo aliuona kabla yangu.

"Kumbe," akasema polepole, "mutoto wako analalia mu mugini yetu."

Nilimkuta Mama Sidonie kwenye ngazi. Sitaficha, nilipiga kelele.

"Ile kitambaa ulitoa wapi?"

"Kitambaa gani?"

"Ya Dorka!"

"Ku tiroir ya chini, si bile makalke bya kuzeeka? Bilikuwa byafu, byeusi. Nilichemusha na sabuni mara mbili."

"Mara mbili!"

"Sasa ulitaka nikuletee nini, mikono bure?" Naye akapandisha sauti, akatupa fagio. "Bwana yangu njo alichoraka bile bintu, miye njo nilikuwa nabifua! Batoto ba kambi yote niliwavalisha! Papa Kabeya alienda, Direkta haonekane, muntu hakuna! Nilijua ni bya kutupa! Ni wewe tu nilikuwa naona unateseka na lile tumbo!"

Nilikuwa na hasira ya kuvunja ukuta na sikuwa na ukuta. Ule ujuzi ni wetu, wa kambi, nilibatizwa nao. Msomi wa mjini asingejua kalke inafuliwa, mwizi asingejali. Mtu wa kambi tu, mwenye moyo mzuri, ndiye angeweza kuua kijiji kwa sabuni ili mtoto wangu asichubuke.

Kijiji kilikuwa kimekatwa vitambaa viwili. Nilifumua pindo, tukavinyoosha kwa maji na pasi ya mkaa. Mnaona nilivyofika: kalke na maji, kwa mikono yangu mwenyewe. Mama Sidonie alivishona pamoja. Siku ya biro ya ardhi nilikwenda na Mama Musonda. Mkubwa wa biro alikishika kwa ncha za vidole.

"Mama, unaniletea couche ya mutoto?"

Wakacheka wote. Yule bwana wa matofali alicheka kwa upole, na upole wake ndio uliniuma zaidi. Nikaomba kukiweka kwenye kioo cha dirisha. Jua lilikuwa limekwisha pita upande wa pili, kioo kile kilikuwa na vumbi, mto ulionekana kidogo, nyumba hazikuonekana. Mama Musonda akasogea na kidole chake.

"Hapa kwa yaya yangu, ndugu mukubwa. Hapa kisima. Hapa, chini ya huu mupindo, bwana yangu."

"Bibi," mkubwa akasema, wala hakuwa mkali, "miye sioni kitu. Na stampe iko wapi? Kitambaa hakina stampe."

Stampe, ule mhuri wa kampuni, ilitoka na sabuni. Nilieleza kalke ni nini, inavyochorwa, inavyofuliwa. Nilieleza vizuri, naapa. Mmoja akatazama saa. Walikataa. Kabla ya mvua ukuta ulikuwa umesimama, mahindi yameng'olewa, na makaburi yamebaki ndani pamoja na matofali.

Hapo ndipo Direkta alipokumbuka njia ya rezerve. Alikuja kuuliza kwa nini mali ya chuo ilitoka nje, tena ikiwa nguo ya mtoto. Nani aliifua? Sikusema. Mama Sidonie analea wajukuu na hana mtu. Wakaniandikia retraite, wakaamua rezerve iwe inafungwa, ifunguliwe mtu akiomba. Nani ataomba mlango uliofungwa? Hilo hawakujiuliza.

Siku ya limonadi, Direkta aliniambia huku anacheka: "Na ile couche yako, kamata uende nayo. Haina kazi humu."

Nikaichukua. Nilikuwa na hasira, nikaweka kijiji chote kwenye mfuko pamoja na sabuni na kikombe changu. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, alikuwa amekaa Mama Musonda na kikapu chake cha uyoga. Alikuwa na desturi hiyo: akija kuuza sokoni, alipita kwanza, nikaweka kitambaa dirishani, akatazama, akaenda zake. Kule kwao haruhusiwi tena kuingia. Nilidhani nimepata la kufanya. Nikamwekea kitambaa mikononi.

"Kamata, mama. Ni yenu. Mimi wamenifukuza."

Alikitazama. Alikikunja vizuri, pembe kwa pembe, akanirudishia.

"Nitakipeleka wapi? Ku nyumba yangu kuko mvua na panya. Nikifwa, batanifunikia nacho, batakizika." Akanishika mkono. "Hapana, mwana. Batoto bangu balisha kusikia mara mingi kwa mudomo yangu. Mudomo ya bibi, nani anaiamini? Miye ninataka siku moja mujukuu wangu akuye hapa, aulize, na muntu wa université asimame, amuambie: ndiyo, mugini yenu ilikuwa hapa. Njo hivyo tu. Rudisha."

Nilirudi ndani. Walikuwa bado wanakunywa. Nilipita katikati yao na mtoto mgongoni, hakuna aliyeniuliza, nikafungua mlango wa chuma, nikavuta tiroir ya chini, nikakilaza mahali pake palepale, bapa, vifuko vya mchanga kwenye pembe nne. Kwenye kikaratasi niliandika kwa penseli: Katwebe, kimefuliwa, kinaonekana. Kisha nikawapa funguo, na nyinyi mkanisalimia vizuri, mkasema mama pumzika. Sitaki kupumzika. Nataka mnisikilize.

Mtaambiwa mfanye usafi, vitu visivyo na stampe vitoke. Hicho kisitoke. Kama atakuja mtu, mwanaume au mwanamke, akasema babu zake walitoka Katwebe, msimuombe barua ya profesa. Mwambieni arudi asubuhi kama jua limeshapita. Futeni kioo cha dirisha la mashariki, muweke kitambaa, mto ukae mkono wa kulia, ngojeni macho yenu yazoee. Mtaona mpindo kwanza, halafu nyumba, na makaburi mwishoni kabisa. Msiseme mnafikiri. Msiseme inawezekana. Inukeni kwenye viti, nyinyi wawili, mseme ndiyo, kijiji chenu kilikuwa hapa. Halafu nyamazeni, mumuache atafute watu wake.